Walimu wapya watatu, Elimu ya Jamii, na watoto walewale mkiani: nianzie wapi?

Bi_Paneli (Malindi)

Walimu wenzangu, salamu. Mimi ni mwenyekiti wa paneli ya Elimu ya Jamii katika shule moja ya msingi pembezoni mwa Malindi, ule upande wa kuelekea bara. Muhula huu tumeletewa walimu wapya watatu, wawili intani wa TSC, ile tume ya kuajiri walimu, na mmoja wa BOM, yaani ameajiriwa na bodi ya shule. Wote wamemwagiwa Elimu ya Jamii, Gredi ya 4 hadi ya 6, kwa ile imani ya stafurumu kwamba somo hili halina kazi, ni kufungua kitabu na kusoma.

Tathmini ya katikati ya muhula imetoka na sura ni ileile. Juu wako watoto wa mjini: mama ana duka, baba yuko hotelini, nyumbani kuna runinga, Mombasa wameshafika. Mkiani wako wanaotoka mashambani na kwenye machimbo ya mawe, wengi wanalelewa na nyanya zao, lugha ya nyumbani Kigiriama. Kinachonikera ni kwamba kwenye hesabu hawako mbali hivyo. Kuna msichana mmoja wa Gredi ya 6 anapiga hesabu za sehemu bila hata kuinua kichwa, lakini ukija kwa Elimu ya Jamii yumo "chini ya matarajio" tangu mwaka jana.

Vijana wenyewe si wavivu. Mmoja anaandika noti ubao mzima mpaka chaki inamwishia mkononi, watoto wananakili. Wa pili amewapanga "wagumu" madawati ya nyuma ili, anasema, awahudumie pamoja. Huduma yenyewe sijaiona. Wa tatu anataka safari ya Gedi, kwenye magofu ya mji wa kale, kila mtoto alipe. Mwalimu mkuu anataka mpango ulioandikwa kabla ya Ijumaa.

Tafadhalini msiniletee ya semina, "mwanafunzi awe kitovu cha ujifunzaji" na ndugu zake. Hayo ninayo kwenye faili. Nataka kujua mwalimu wa miezi michache unamshika mkono kuanzia wapi.

Karatasi_Kila_Ijumaa

Bi, dawa ni karatasi za miaka iliyopita. Ijumaa mtihani, Jumatatu masahihisho. KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, ni maswali ya kuchagua, na somo letu limebanwa karatasi moja na Sanaa, kwa hiyo mtoto akizoea mtindo atapanda tu. Likizo ikifika waite wale wa chini wiki mbili. Wazazi watalipa kidogo kidogo.

Mstaafu_wa_Mambrui

Bi Paneli, somo hili nimelifundisha tangu likiitwa GHC (Jiografia, Historia na Uraia), kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kwanza nimalizane na ndugu wa hapo juu. Likizo iache. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza tuisheni ya likizo, na si vizuri mwalimu mgeni afunzwe kazi kwa kuanzishiwa kuvunja sheria. Karatasi za Ijumaa hazina ubaya, ila hazikuambii kitu. Swali lina majibu manne. Mtoto asiyeweza kusoma hata kichwa cha karatasi anaweza kubahatisha robo yake. Ukiona amepata 8 kwa 30, hujui kama anajua manane, au hajui hata moja, au anajua ishirini akashindwa kuyasoma.

Hapo ndipo ningeanzia na vijana wako. Mwalimu mpya huona mkia mmoja. Waliofeli kwake ni "wale". Kazi yako ni kumfanya aone kwamba ndani ya ule mkia mna watu wa namna tatu au nne, na kila mmoja amekwama pahali pake.

Chukua karatasi za wa chini, si zote, kumi zinatosha. Kaa na kijana wako mmoja chini ya mwarobaini saa ya mapumziko, mwiteni mtoto, karatasi iwe mikononi mwenu si mwake, mumuulize kwa mdomo yaleyale aliyokosa. Kwa Kiswahili. Ikibidi Kigiriama, na kama kijana wako ni wa kutoka bara ya mbali, mtafutie mwenye lugha. Mwalimu asikosoe, asifundishe. Aandike tu anachosikia.

Nilifanya hivyo na mwalimu mmoja mgeni katika shule ya upande wa Gongoni. Mtoto alikuwa amekosa swali la shughuli za kiuchumi za pwani. Tukamuuliza chumvi inapatikanaje. Akatueleza jinsi maji ya bahari yanavyofunguliwa yakaingia kwenye mabwawa, yanavyohamishwa kutoka bwawa hili hadi lile yakizidi kukolea, jua likiyakausha, halafu watu wakwangue na kurundika. Akasema mvua ikinyesha siku mbaya kazi yote inayeyuka. Akaongeza kwamba mjomba wake amechubuka miguu kwa sababu hana buti. Mwenzangu aliacha kuandika, akabaki anamtazama. Kwenye karatasi swali lilikuwa la "zote isipokuwa", kwa Kiingereza, na mtoto alichagua chumvi kwa kuwa ndilo neno pekee alilolitambua katika mstari ule.

Mtoto kama huyo ukimrudishia somo la chumvi umempotezea wakati. Anayohitaji ni kusomeshwa swali. Mfunze mwalimu wako, kabla ya kufungua ukurasa wowote, achague maneno matano magumu ya ukurasa ule. Ayatamke, ayaeleze kwa Kiswahili, watoto wayatumie kwa mdomo, kisha ayaandike pembeni mwa ubao na asiyafute mpaka Ijumaa. Wakati wa kujibu, awaache kwanza wasemezane wawili wawili kwa lugha yoyote wanayoiweza, ndipo awape mwanzo wa sentensi ya Kiingereza waumalizie. Simaanishi somo zima liendeshwe kwa Kiswahili. Mtihani unakuja kwa Kiingereza na hautamwonea mtu huruma. Lakini mtu akifikiri kwa lugha yake kwanza, anapata cha kusema.

Kundi la pili ni la ramani. Hawa ni wengi kuliko unavyodhani. Wameambiwa kaskazini ni juu, ramani imetundikwa ukutani, basi kaskazini kwao ni darini. Waulize uone, watakuonyesha mapaa. Ishushe ramani sakafuni. Igeuze mpaka kaskazini ya karatasi ielekee Mambrui kweli, kusini Watamu, mashariki baharini, magharibi ile barabara ya Langobaya iendayo geti la Sala. Watoto waizunguke. Kisha wachore uwanja wa shule kwa kuhesabu hatua. Hapo ndipo anayechunga mbuzi jioni humwacha mbali yule anayeletwa shule kwa tuktuk, na darasa zima linaona, na hilo nalo lina kazi yake.

Kundi la tatu huwezi kuliona kwenye karatasi. Liko kwenye rejista. Weka rejista kando ya azimio la kazi, usome tarehe. Utakuta mtoto aliyekosa maswali yote ya serikali ya kaunti hakuwepo wiki zile: mto Sabaki ulikuwa umefurika, au alikuwa analea mdogo wake, au alirudishwa nyumbani kwa deni la pesa. Na mwalimu mpya akishaweka tiki kwenye mada, basi, imezikwa. Mfunze kuanza kila kipindi kwa maswali matatu: moja la jana, moja la mwezi uliopita, moja la muhula uliopita. Dakika tano. Aliyekosa anapata pa kuingilia na aliyekuwepo hasahau.

Ukishawatoa hao, wanabaki wale ambao kweli walifundishwa wakawepo wakaelewa lugha na bado hawajui. Ni wachache. Hao sasa ndio wa kufundishwa upya.

Madawati ya nyuma yavunjwe kesho asubuhi, hilo halina mjadala. Wa noti, mnyang'anye chaki kiupole: aandike mistari mitano, mingine watoto waitunge. Na mfunze kuuliza. Mwalimu mgeni huuliza walioinua mikono kwa sababu anaogopa kimya, na walioinua mikono ni walewale wa mjini. Majina yote yaandikwe kwenye vipande vya boksi, vitiwe mkebe wa Kimbo, avute. Asiyejua anaruhusiwa kusema "nirudie", na arudiwe kweli, si kusahauliwa.

Safari ya Gedi. Gedi pazuri, na tangu 2024 pamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, sina neno. Ila fikiri nani atakayekwenda. Wataenda waliolipa, wale ambao hata bila safari wangejua. Wasiolipa watabaki wakifagia uwanja, na wiki inayofuata mwalimu atafundisha kwa mifano ya Gedi. Umelipanua pengo kwa basi la kukodi. Ama waende wote, ama asiende mtu.

Kalume_K

Mzee amesema kweli na nina la kuongezea kuhusu yule mtoto wa chumvi. Marekani, mwaka 1988, watafiti wawili, Donna Recht na Lauren Leslie, walichukua wanafunzi 64 wa darasa la saba na la nane wakawapa kisa cha mechi ya besiboli wakisome. Baadhi walikuwa hodari wa kusoma, baadhi dhaifu. Baadhi waliujua mchezo, baadhi hawakuujua. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo walikielewa na kukikumbuka kisa kuliko wasomaji hodari wasioujua.

Mimi huwa nawapa walimu wapya habari hii badala ya hotuba. Mtoto "asiyejua kusoma" anaweza kulielewa andiko la Elimu ya Jamii iwapo jambo lenyewe analijua tayari. Kwa hiyo tafuta kwanza analolijua. Kwetu huku mfano mzuri ni Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza. Vitabu vingi historia ya Malindi vinaifungulia kwa Vasco da Gama, 1498, na mtoto wa kijijini Kakoneni hana pa kushika. Mpe kazi akamuulize nyanya yake habari za Mekatilili. Atarudi na visa vya viapo, na vya kuku, na jinsi mama mtu mzima alivyozunguka vijijini mwaka 1913 akiwakataza watu wasitoe vijana wao kwenda kufanyia kazi Waingereza. Watoto wa mjini siku hiyo ndio watakaonakili.

Kisha, na hapa ndipo walimu wengi huachia njiani, toka naye hapo. Mekatilili alikamatwa akahamishiwa mbali magharibi mwa nchi, akatoroka akarudi. Chukua uzi, uweke kwenye ramani ya Kenya kutoka Malindi mpaka magharibi huko, pima kwa kipimio cha ramani, watoto wahesabu kilomita mama huyu alizorudi. Wanajifunza ramani bila kujua kwamba wanafundishwa ramani. Kisha eleza kwa nini Waingereza mwaka 1914 waliilipua Kaya Fungo, boma takatifu la Wagiriama, kwa baruti, na kaya ilikuwa nini katika utawala wa Wagiriama. Ukitoka hapo unaingia kwenye serikali ya leo, kaunti 47 za katiba ya 2010, Kilifi ikiwa nambari 3.

Mstaafu_wa_Mambrui

Kalume, hapo kwenye "toka naye hapo" nikuunge mkono kwa mikono miwili. Nimewaona walimu wanaompenda mtoto wa kijijini hadi wanamfungia kijijini. Chumvi ya Gongoni iwe ya kumpeleka Magadi, mto Sabaki uwe wa kumpeleka kwenye mpunga wa Mwea. Mtoto ana haki ya kujua kule asikokujua.

BintiAmu

Salaam aleikum. Nami nawaandikia kutoka Lamu, na huku nina kazi hiyohiyo ya kuwalea walimu wageni.

Yote yaliyosemwa ni ya mtoto. Mwalimu je? Walimu wetu wapya wengi wanatoka bara. Mtu anashuka boti kutoka Mokowe, wiki ileile anaambiwa afundishe mazingira yetu. Hajui kusi wala kaskazi, hajui kwamba baada ya Alasiri mtoto yuko madrasa na hivyo ule mpango wake mzuri wa somo la ziada saa kumi hauna watoto. Halafu anaandika kwenye ripoti kwamba wazazi hawajali elimu. Hilo huniuma.

Mimi kabla ya kumkabidhi darasa humtembeza. Tunaanzia Ngomeni. Ngome ya Lamu ilianza kujengwa mwaka 1813, ikamalizika 1821. Baadaye ikawa jela mpaka 1984, kwa hivyo wako wazee wanaoikumbuka ikiwa jela na hawaikumbuki ikiwa kitu kingine. Namtafutia mzee mmoja wa barazani amsikilize nusu saa. Mwalimu akitoka hapo ana maswali yake mwenyewe, na mwalimu mwenye maswali hanakilishi noti. Wiki inayofuata anawapeleka watoto palepale, kwa miguu, bila senti ya nauli. Utashangaa, wako watoto waliozaliwa nyuma ya ngome hiyo ambao ndani hawajawahi kutia mguu.

Sasa nikuulize Bi Paneli, na usikasirike. Gredi ya 4 umempa nani?

Bi_Paneli (Malindi)

Sijakasirika, dada. Gredi ya 4 anayo yule wa BOM, mgeni kuliko wote. Ratiba alipanga naibu.

BintiAmu

Basi hapo ndipo pa kushika kwanza kabla ya mengine yote. Gredi ya 4 ndipo Kiingereza kinapochukua nafasi ya lugha ya kufundishia. Mpaka Gredi ya 3 mtoto anaelezwa kwa lugha anayoisikia nyumbani au sokoni. Akirudi Januari kitabu kimegeuka. Mtoto wa mjini mwenye runinga anavuka akichechemea, wa shambani anabaki ng'ambo, na ukimwona Gredi ya 6 ana miaka miwili ng'ambo ile. Mahali pagumu hivyo mmemweka mtu asiyejua hata rejista inajazwaje. Mwombe naibu mbadilishane.

Intani_Marafa

Shikamoo mzee, shikamooni nyote. Mimi ni mmoja wa hao "vijana" mnaowajadili, ingawa si wa shule ya Bi. Nina darasa la watoto sabini na kitu, vipindi vya masomo matatu, na TPAD, zile fomu za kutathmini utendaji wa mwalimu, za kujaza. Mzee unasema niwaite kumi chini ya mti. Saa ngapi? Na wale sitini nimwachie nani?

Halafu nina la kusema ingawa mimi ni mdogo. Mwenyekiti wangu wa paneli alikuja darasani mara moja, akakaa nyuma, akajaza fomu, akaondoka. Sijui aliona nini.

Mstaafu_wa_Mambrui

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali ambalo walipaswa kuuliza wakubwa wako.

Kumi si wa siku moja. Watatu kwa wiki, wakati wengine wanachora ramani au wanajibu kwa maandishi. Dakika nne kwa mtoto. Kwa mwezi umeshawajua wa mkiani, na kuanzia hapo huhitaji kuwaita tena hivyo, kwa sababu utayasikia makosa yao darasani ukajua yanatoka wapi. Hao sitini mwachie mwenyekiti wa paneli kipindi kimoja kwa wiki. Asimame yeye mbele, wewe ukae na mtoto pembeni. Bi Paneli, hii imekuhusu wewe pia. Usimwambie kijana awe na muda, mpe muda.

Na kuhusu fomu: mwenyekiti akija kwa mara ya kwanza asije kutazama, aje kufundisha, kijana atazame. Kipindi kimoja kizima, kwa watoto walewale wa mkiani, pamoja na makelele yao. Kisha wakae, kijana amkosoe mkubwa. Nimeona hiyo ikifungua midomo kuliko fomu yoyote. Kijana akishaona kwamba hata wewe uliuliza swali darasa likanyamaza, hataogopa kukuonyesha lake.

Karatasi_Kila_Ijumaa

Nimesoma yote. Bado nasema mtihani una faida yake, ila hiyo ya kusoma swali la "isipokuwa" kwa mdomo nimeichukua. Nitaijaribu na darasa langu wiki hii.

Bi_Paneli (Malindi)

Ahsanteni sana. Nimezungumza na naibu, amekubali nichukue Gredi ya 4 kuanzia wiki ijayo na mwalimu wa BOM awe nami darasani kwa muda. Safari ya Gedi nimeisimamisha mpaka tupate namna ya kwenda wote. Nimemwambia yule intani aliyeipendekeza aanze na Mekatilili, maana sanamu yake iko hapa mjini Malindi na wa Gredi ya 6 wanaweza kutembea. Amefurahi kuliko nilivyotarajia. Kumbe alichotaka ni kutoka darasani tu.

Na yule msichana wa hesabu nilimwita leo kwa njia ya mzee. Aliyajibu kwa mdomo karibu yote isipokuwa ya ramani, kwa hiyo yuko makundi mawili kwa pamoja. Mpango wa mwalimu mkuu nimeuandika ukurasa mmoja, atalalamika ni mfupi.

Swali la mwisho, mzee. Madarasa yetu mawili sakafu ni ya mchanga mtupu, hayana saruji. Ramani ya karatasi nikiiweka chini itachakaa siku moja. Nifanyeje?

Mstaafu_wa_Mambrui

Mchanga ni bora kuliko saruji, Bi. Karatasi iache kabatini, wachore wenyewe kwa kijiti, nje, asubuhi kabla jua halijawa kali. Miji iwe vifuu vya nazi, mto Sabaki uwe kamba, barabara mstari wa majivu. Waanze na Malindi, Mambrui na Watamu, wiki ya pili waongeze Kilifi na Mombasa, na wakifika Nairobi utalazimika kuwasogeza mpaka uwanja wa mpira. Hapo ndipo wakuulize skeli ni nini. Usiwaambie kabla hawajauliza. Na mwambie yule kijana wa noti ndiye ashike kamba.